Barua Iliyosomwa Baada ya Chakula

Chakula chenyewe kilikuwa si chochote. Kila mtu alikuja na chake ndani ya kopo, kimeshapoa tangu asubuhi, tukakimeza haraka huku macho yako kwenye sufuria ya chai. Kilichotufanya watu arobaini na wawili tuvumilie kelele za cherehani kutwa nzima ni kile kilichokuja baada ya chakula: nusu saa ya chai ya tangawizi, na Gazeti.

Gazeti alikuwa mpiga pasi wetu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, ila sidhani kama hata msimamizi alikuwa analikumbuka. Kiwanda kilishona sare: za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi. Mashati yote yalipita mikononi mwake, kisha yakaja kwangu, maana mimi nilikuwa mkunjaji na meza yangu iligusana na yake. Tulikaa hivyo miaka kumi na sita. Nilimjua mtu yule kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu, ambaye alikuwa mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi na kisirani.

Alikuwa amesoma, na ndiyo maana tukamwita Gazeti. Alibakiza kidogo tu aingie ualimu, baba yake akafariki, wadogo zake watano wakamwangukia. Akashika pasi. Wadogo wakasoma, wakaoa, wakaolewa, wakasahau njia ya kwake. Yeye akabaki na chumba kimoja cha kupanga, kitanda, na magazeti yaliyorundikana mpaka dirishani. Ualimu wake wote aliumalizia kwetu.

Nusu saa ile ilikuwa na sheria zake, na ole wake aliyezivunja. Chai ilipikwa kwa zamu, na aliyepika chai nyepesi alisikia habari zake mpaka mwisho wa wiki. Aliyetaja kazi, hata kwa kuuliza tu uzi mweusi umewekwa wapi, aliwaoshea vikombe watu wote. Gazeti alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, sisi kwenye mabenchi. Alikoroga sukari taratibu kiasi cha kutuudhi, akaonja, akakohoa, ndipo akafungua. Alianza na matangazo ya vifo, akiyasoma amesimama. Kisha akasoma habari moja ya serikali, ambayo hakuna aliyeisikiliza. Halafu hadithi.

Hadithi ilikuwa ya mfululizo, kipande kimoja kila siku. Ilimhusu mwanamke aliyeolewa na mwanamume mwenye pacha, na wale ndugu wawili wakawa wanapokezana nyumba bila yeye kujua. Tulivunjika mbavu kwa hadithi hiyo, na siku nyingine tuligombana kwa ajili yake. Mkata vitambaa na dada wa kushona mikono hawakusemeshana siku tatu, eti kwa sababu mmoja alisema yule mke anajua kila kitu ila anajitia hamnazo.

Barua nazo zilisomwa hapo hapo. Miaka ile simu ilikuwa moja, ya ofisini, na ofisi haikuwa yetu. Wengi hawakujua kusoma. Mimi nilisoma madarasa matatu, nikipewa muda naweza kulitafuna neno moja moja. Kwa hiyo barua ya mtu ikifika haikufunguliwa mpaka watu wawe na chai mkononi. Kama ni habari njema, tulipiga mabenchi kwa viganja mpaka msimamizi akachungulia. Kama ni habari mbaya, Gazeti aliikunja kabla ya kusema neno, akamwita mwenyewe kwenye ujia wa kwenda stoo, akamsomea huko peke yake. Kwa hiyo tulijua tu, akiikunja barua, tuinamishe vichwa.

Macho yake yalianza kuondoka mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyaeleza. Hakuniambia. Niliona mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa mezani pake. Alianza kuipapasa kola kwa mkono wa kushoto kabla ya kushusha pasi. Vifundo vya vidole vyake vikawa na malengelenge. Siku moja aliunguza mgongo wa shati la muuguzi, alama ya pasi nzima nzima, nami nikaliingiza katikati ya furushi la matambara kabla msimamizi hajafika. Tangu hapo nikawa namwekea mashati yote yakiwa yamegeuzwa upande mmoja, kola kushoto. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo hata mara moja. Alipokea, akapiga pasi, akanisogezea.

Nilijiuliza mtu huyu anasomaje. Jibu lilikuja siku niliyoona doa la mafuta kwenye gazeti lake, doa lenye umbo kama la kiatu cha mtoto. Kesho yake doa lilikuwepo. Wiki ya tatu doa lilikuwepo. Ni gazeti lile lile, na yeye anafungua kurasa kwa wakati wake, anainua shingo, anashusha sauti pacha mwovu anapoingia. Vifo alikuwa anaviokota redioni asubuhi. Habari ya serikali hata mtoto angeweza kuitunga. Na hadithi ilikuwa inatoka kichwani mwake yote, tena ilikuwa imekuwa tamu kuliko ya gazetini.

Nilinyamaza. Naweza kusema nilimwonea huruma, maana mpiga pasi asiyeona hana kazi, na asiye na kazi hana pa kunywa chai na watu. Ni kweli, nilimwonea huruma. Lakini kweli yote ni kwamba nilikuwa naipenda ile hadithi, na nilitaka iendelee.

Mama Vifungo ndiye aliyeleta barua. Alikaa mwisho kabisa wa ukumbi, karibu na mlango, akishona vifungo kwa mkono, mashati sitini kwa siku. Alikuwa mjane mwenye miguu iliyovimba na mtoto mmoja tu duniani, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku mbili kwa basi. Barua ilimfikia asubuhi. Aliitia kifuani, akashona vifungo vyake, na kila nilipopita alikuwa anaigusa kwa kiganja kama mtu mwenye kiungulia.

Chai ilipomiminwa alimpa Gazeti. Nilikuwa nimekaa benchi la kwanza, na nilimwona jinsi alivyoipokea. Alichelewa kidogo. Aliipasua bahasha, akatoa karatasi mbili, akazielekeza dirishani. Mama Vifungo alisema, kabla hajaanza, kwamba amekuwa akimwota mwanawe vibaya, na kwamba alikuwa anafikiria kuomba ruhusa akamwone, miguu ikatae isikatae.

Gazeti akasoma. Alisoma kwamba kijana ni mzima, amenenepa hadi suruali zinambana. Amefanywa mnyapara wa watu wanane. Yupo binti mmoja, mpole, anayeuza vyombo karibu na machimbo, na mambo yakienda sawa mama atapata mkwe. Watu wakaanza kuyapapasa mabenchi. Kisha akashusha sauti kama mtoto anayembembeleza mama yake.

"Usihangaike kuja, mama. Miguu yako naijua. Nitakuja mwenyewe mwisho wa mwaka."

Mabenchi yakapigwa hadi vikombe vikaruka. Mama Vifungo alifunika uso kwa upande wa kanga, akacheka na kulia kwa pamoja. Karatasi ya pili ilikuwa bado nyuma ya ile ya kwanza. Gazeti hakuigeuza.

Jioni, tukisubiri pasi ipoe, nilimuuliza.

"Ile barua umeisoma?"

"Nimesoma kilichofaa."

"Kilichofaa, au kilichoandikwa?"

Alipapasa waya wa pasi, akauzungusha taratibu kwenye mpini. Akasema yule mama hawezi hata ngazi za stoo, atawezaje siku mbili kwenye basi. Akasema kijana mzima wa umri ule anaandika nini kwa mama yake zaidi ya salamu na maombi ya nguo. Akasema, na hapa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, kwamba akimwambia mama yule siwezi kukusomea, kesho yake msimamizi atakuwa amejua.

Ningeweza kwenda kwa Mama Vifungo nikamwambia dada, nipe hiyo barua niitazame, nitaitafuna neno moja moja hata ikichukua usiku. Alikaa nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilipita mlangoni kwake jioni ile, nikamsikia anaimba ndani, nikaendelea na njia yangu. Nilijiambia kwamba Gazeti ana akili kuliko mimi. Nilijiambia pia, na hili nalisema kwa aibu, kwamba kesho yule mke wa hadithi angefungua mlango akawakuta pacha wote wawili wamesimama kizingitini, nami nilitaka kujua atasema nini.

Wiki tatu zilizofuata Mama Vifungo alikuwa mtu mwingine. Alileta sukari yake mwenyewe, akasema hiyo ni chai ya mkwe, kila mtu aongeze kijiko. Aliomba vipande vya kitambaa vilivyobaki kwenye meza ya kukatia, akaanza kushona gauni la binti ambaye hakuwa duniani. Aliuliza maoni kuhusu kiuno. Tulimpa maoni. Mimi nilimwambia asikibane sana, wasichana wa siku hizi wananenepa wakiolewa, na watu wakacheka, na Gazeti akacheka nao. Sijui alicheka na nini.

Siku ya mgeni ilikuwa zamu yangu kupika chai. Nilikuwa ndiyo kwanza namimina alipoingia mwanamume mrefu, mwembamba, viatu vimepauka kwa vumbi la mawe, ameshika mfuko wa turubai. Akamtajia mlinzi jina la Mama Vifungo, lile la kweli, na ilituchukua muda kujua anamtafuta nani. Mama akanyanyuka anatabasamu. Alidhani ni mtu wa kumletea salamu.

Mgeni hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakujua kwamba kwetu habari za namna ile hupelekwa ujiani. Alimpa mfuko pale pale, mbele ya vikombe arobaini na viwili. Akasema pole, mama, tumemzika sisi wenzake, Jumanne iliyopita, kifua kilimmaliza.

Mama Vifungo aliushika mfuko kwa mikono miwili, akasema kwa utulivu kabisa kwamba hapana, mwanawe ni mnyapara, amenenepa, ameandika.

"Barua niliiandika mimi," mgeni akasema. "Yeye mkono ulikuwa hauna nguvu tena. Tulikuomba uje umchukue, maana kule bila ndugu hawamruhusu mgonjwa kuondoka, na kule hapakuwa na dawa. Siku kumi na tisa aliangalia mlango. Tulidhani, samahani mama, tulidhani umekataa."

Basi sote tukageuka kumtazama Gazeti. Alikuwa kwenye kiti chake, gazeti lenye doa limelala mapajani. Alijua tunamtazama, maana ukimya ule hata asiyeona angeuona.

"Sikuiona," akasema. "Macho yangu yamekufa tangu mwaka jana."

Nikasubiri aseme kwamba mimi nilijua. Hakusema. Mpaka leo hajasema, na mimi sikusimama. Nilikuwa na birika mkononi, nikaendelea kulishika mpaka likanichoma kiganja, na hata huko kuungua nilikufurahia.

Msimamizi alijua kabla jua halijazama. Pasi akapewa mtu mwingine, na Gazeti akapewa kazi ya kupanga mabobini ya uzi mpaka mwisho wa mwezi, kisha aende zake. Siku nane zilikuwa zimebaki. Baada ya chakula alikuja kama kawaida, akakaa, si kwenye kiti, kwenye pembe ya benchi la nyuma. Hakuna aliyekaa karibu naye. Tulikunywa chai tukisikia tunavyomeza. Mtu mmoja alijaribu kuuliza uzi mweusi uko wapi, na hakuna aliyemwambia aoshe vikombe. Nilimpelekea Gazeti chai, nikaiweka mkononi mwake, nikarudi mahali pangu. Ushujaa wangu wote uliishia hapo.

Mama Vifungo alirudi zikiwa zimebaki siku tatu. Alikuwa amepungua mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Alishona vifungo vyake asubuhi nzima bila kuinua kichwa. Chai ilipomiminwa hakuchukua kikombe. Alivuka chumba kwa ile miguu yake, polepole, akafika benchi la nyuma, na sote tukajua anakwenda kumzaba kofi, na nadhani sote tulitamani amzabe, mambo yaishe. Yeye akatoa barua kifuani, akamwekea Gazeti mkononi.

"Nisomee."

Gazeti aliipapasa barua kwa vidole. Akamwambia mama, unajua siwezi.

"Siitaki ya humo. Nisomee ile uliyonisomea siku ile. Ile yako. Humo bado ni mzima."

Akakaa pembeni yake, mikono mapajani, kama alivyokaa siku ile. Gazeti alizielekeza karatasi dirishani, kwa mazoea, akaanza. Mimi ni mzima, mama. Nimenenepa hadi suruali zinanibana. Ilimkatika sauti mara mbili, na mara zote mbili Mama Vifungo alingoja. Akamaliza yote, mnyapara, binti mpole wa vyombo, mwisho wa mwaka. Mama akachukua barua yake, akairudisha kifuani, akaenda kushona. Kesho yake akaja tena, na akasomewa tena.

Nimejiuliza miaka mingi kama alikuwa anamwadhibu au anajiliwaza. Sijapata jibu. Wengine kiwandani walisema amechanganyikiwa. Mimi niliyemtazama kwa karibu sikuona wazimu wowote. Niliona mtu aliyechagua mahali pa kukaa, akajua vizuri ni pabaya, na akakaa hapo hapo kwa sababu hapakuwa na pengine.

Siku ya mwisho Gazeti alikuja amevaa shati safi, lililopigwa pasi vibaya. Hakuna aliyeandaa lolote la kumuaga. Miaka kumi na sita alitufurahisha kila siku baada ya chakula, tukashindwa hata kumwachia kiti chenye mgongo, mimi nikiwa wa kwanza. Mama Vifungo akaja, akatoa barua, akakaa.

Akasoma polepole kuliko siku zote. Alipofika mwishoni aliishusha barua mapajani. Kisha, badala ya maneno yale, akasema kwa sauti ile ile ya mtoto:

"Njoo unichukue, mama. Njoo upesi."

Nilijua alichokuwa anafanya. Alikuwa ameamua, hata kama mwana ameshazikwa, aisome kweli mara moja kabla hajaondoka. Aliponyanyua uso, machozi yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye macho yasiyomfaa kitu.

Mama Vifungo hakulia. Alimshika kifundo cha mkono, akaurudisha mkono pamoja na barua upande wa dirisha.

"Haikusema hivyo," akamwambia. "Ingesema hivyo ningekwenda. Soma ulivyosoma."

Gazeti akatikisa kichwa. Akamwomba, akimwita mama, mama yangu, ingawa walilingana umri. Yeye hakumwachia mkono. Kengele ya kurudi kazini ikalia na hakuna aliyenyanyuka, hata msimamizi alisimama tu mlangoni.

"Usihangaike kuja, mama," Gazeti akasema mwishowe.

Mama Vifungo akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo la busara, akasema haya basi, mwanangu, siji.